Shina Lililoachwa

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni katika kipindi cha tafakari ya asubuhi. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wasikilizaji walioomba nakala.)

Twawasalimu ninyi mlio jikoni mkichemsha chai, ninyi mlio njiani kwenda shambani, na ninyi mlio kitandani kwa sababu ya maradhi au uzee. Leo twataka kuzungumza juu ya jambo lisilotajwa sana kanisani, ingawa humfikia kila mtu aliyejaliwa siku nyingi. Jambo lenyewe ni hili: mtu hujiona amezeeka siku ile anapomzika rafiki yake.

Tulikuwa na rafiki. Yeye alitoka Meru, upande wa Nkubu, na sisi twatoka Embu, huku juu kuelekea Runyenjes. Tulikutana katika chuo cha theolojia, tukapewa chumba kimoja, na usiku wa kwanza tukabishana juu ya mlima. Yeye aliuita Kirimaara kama Wameru wote, sisi tukauita Kirinyaga, na kila mmoja alishikilia kwamba mlima huonekana vizuri zaidi ukiwa kwao. Ubishi huo ulidumu miaka zaidi ya ishirini. Tulipowekewa mikono kuwa makasisi, yeye akaenda kuhudumu kwao na sisi kwetu, lakini asubuhi ya mlima kuwa wazi tulipigiana simu. "Leo umeuona?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Na kila mwaka mpya alituuliza, "Kasisi, mvi ni ngapi sasa?" Nasi tulitaja hesabu ndogo kuliko ile ya kweli.

Mwezi wa Agosti mwaka jana alimaliza ibada ya Jumapili, akawasalimu waumini mlangoni, akasema kichwa kinamuuma. Ilikuwa presha. Kabla ya jua kuchomoza siku ya pili alikuwa ameaga dunia. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Wapenzi, na tuseme ukweli mbele yenu, maana haifai kuhubiri machozi ya wengine tukaficha yetu. Mwaka huo tulikuwa tumemwahidi mara tatu kwamba tutakwenda kumwona. Mara ya kwanza kulikuwa na mkutano, mara ya pili gari liliharibika, na mara ya tatu tulisema tu, "Mwezi ujao." Kutoka kwetu hadi kwake si safari ya siku nzima. Mtu apita Chuka, avuka daraja la Nithi, apita njia ya kwenda Chogoria, na kabla ya chakula cha mchana amefika. Sisi tulifika tukiwa tumevaa kanzu ya mazishi.

Siku hiyo ya mazishi watu walikuwa wengi na viti vichache. Tulipokuwa tumesimama kando ya hema, kijana mmoja alikuja mbio akiwa amebeba kiti, akasema kwa heshima, "Mzee, keti." Tukageuka nyuma tuone ni mzee gani anayeambiwa. Hapakuwa na mtu nyuma yetu. Tukaketi. Na tulipoketi tulihisi ya kwamba siku hiyo tumezika rafiki, na ujana wetu umekwenda naye.

Tulirudi nyumbani usiku. Asubuhi mlima ulikuwa wazi kabisa, na tukaona jinsi weupe wake ulivyopungua. Wataalamu wamekuwa wakiipima barafu ya Lewis iliyo juu ya mlima huo tangu mwaka 1934, nao wasema kwamba sehemu kubwa sana ya ile iliyokuwapo wakati ule imekwisha. Kichwa chetu chazidi kuwa cheupe, na cha mlima chazidi kuwa cheusi. Tukachukua simu tumwambie rafiki yetu neno hilo, kwa kuwa lingemchekesha. Ndipo tukakumbuka. Tukasimama pale uani na simu mkononi.

Je, ndugu msikilizaji, umewahi kusimama hivyo?

Katika nchi yetu ya Meru na Embu, wazee wa zamani hawakuhesabu umri kwa tarehe ya kuzaliwa. Walihesabu kwa rika. Mmeru akikutajia nthuki yake, amekujulisha alitahiriwa pamoja na kina nani, ni kina nani walio mbele yake, na ni kina nani walio nyuma yake. Waliotiwa jandoni pamoja walikuwa vijana pamoja, wakaoa katika miaka iliyokaribiana, wakaingia katika mabaraza ya wazee hatua kwa hatua. Hata leo wazee wa Njuri Ncheke, wenye makao yao kule Nchiru, wajua kwamba mtu haingii uzeeni peke yake. Huingia na wenzake. Basi si ajabu kwamba mwenzako wa rika akiondoka, mwendo wako mwenyewe hulegea. Ulizoea kumtazama yeye ili ujue umefika wapi.

Tena rafiki wa ujana ameshika kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Mkeo hakukujua ulipokuwa na miaka ishirini na miwili ukihubiri kwa mara ya kwanza huku magoti yakigongana. Watoto wako hawakukuona ukilia kwa sababu ya Kiyunani. Yeye aliona. Akifa, twauliza moyoni, ni nani sasa atakayetukumbuka tulivyokuwa? Hofu hiyo si dhambi. Lakini yahitaji kupelekwa mbele ya Neno la Mungu.

Twafungua basi vitabu vya Samweli. Sote twajua urafiki wa Daudi na Yonathani, na kwa kawaida tukifika mlima Gilboa, Yonathani alipouawa, twafunga kitabu. Lakini hebu tufanye hesabu. Daudi alikuwa na miaka thelathini alipoanza kutawala baada ya vita ile, naye alitawala miaka arobaini. Maana yake, aliishi miaka arobaini bila Yonathani. Alizeeka bila rafiki yake. Alifanya nini katika miaka hiyo? Twaona mambo matatu.

Kwanza, alilia waziwazi. Katika sura ya kwanza ya Samweli wa Pili twamwona mtu wa vita akirarua mavazi yake, akifunga hadi jioni, kisha akitunga maombolezo na kuamuru wana wa Yuda wafundishwe. Hakusema, "Mimi ni mwanamume." Hakusema, "Mtu wa imani halii." Wanaume wa kwetu, hasa sisi wachungaji, tumejifunza kuongoza mazishi kwa sauti kavu, halafu twarudi nyumbani na kuwa wakali kwa watoto bila sababu. Machozi yasiyotoka machoni hutafuta mlango mwingine. Mama watoto wetu alituambia neno hilo mwezi wa Septemba, tena hakulisema kwa upole. Alikuwa na haki.

Pili, Daudi aliuliza ni nani aliyebaki. Miaka ilikuwa imepita, ufalme umetulia, ndipo akauliza kama yuko mtu yeyote wa nyumba ya Sauli ambaye angeweza kumtendea mema kwa ajili ya Yonathani. Habari hiyo imo katika sura ya tisa. Akaambiwa kuna kijana, Mefiboshethi, mwenye vilema vya miguu miwili, anayeishi Lo-debari. Kijana huyu alikuwa na miaka mitano tu baba yake alipokufa. Yaani hakumjua baba yake vizuri. Daudi alimjua. Fikirini basi mezani pale pa mfalme: kijana asiye na kumbukumbu za baba, na mtu mzima aliyejaa kumbukumbu hizo asiye na wa kumpa. Kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake alikosa.

Tatu, Daudi alikubali kuambiwa. Jambo hili limo katika sura ya ishirini na moja, nalo husomwa mara chache. Daudi alikwenda tena kupigana na Wafilisti, akachoka. Jitu moja likataka kumwua, na Abishai akaja kumwokoa. Ndipo watu wake wakaapa kwamba hatatoka tena pamoja nao vitani, isije taa ya Israeli ikazimika. Huyu ndiye aliyemwua Goliathi akiwa kijana! Lakini aliwasikiliza. Wao hawakumwita mzigo. Walimwita taa, na taa hulindwa ili iendelee kuwaka.

Hata katika kanisa letu tumeuona mfano wa namna hiyo. Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1975, ikichukua Embu, Meru, Kirinyaga, hata Isiolo na Marsabit, askofu wake wa kwanza alikuwa David Gitari, ambaye hakuwa amefika miaka arobaini. Katika siku za uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, sauti yake ilisikika ikitetea haki, pamoja na sauti za askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini na askofu Alexander Muge wa Eldoret. Tarehe 14 Agosti 1990 Muge alifariki katika ajali ya barabarani akirudi kutoka Busia. Okullu akafariki mwaka 1999. Gitari alibaki. Aliona vyama vingi vikirudishwa mwaka 1991, jambo ambalo Muge hakuliona. Akawa askofu mkuu mwaka 1997, na mwaka 2002, alipofikisha miaka 65, akastaafu na kumwachia mwingine kiti. Aliona Katiba mpya ikizinduliwa Agosti 2010. Yeye mwenyewe alilala tarehe 30 Septemba 2013. Wapenzi, aliyebaki huona kwa macho yake na kwa macho ya wenzake waliotangulia. Ameachiwa kazi ya kuona, kushuhudia na kukabidhi.

Sasa twataka kuwaambia mahali tulipolielewa neno hili, maana hatukulielewa kanisani wala katika vitabu. Tulilielewa katika shamba la kahawa.

Mwezi wa Februari mwaka huu tulitimiza hatimaye ile ahadi ya "mwezi ujao". Tulikwenda kumwona baba yake rafiki yetu, mzee aliyepita miaka themanini. Tulimkuta shambani na msumeno. Mavuno makuu yalikuwa yamekwisha, na mvua za Machi zilikuwa bado, basi alikuwa akikata mibuni iliyozeeka. Nchi yetu ya Embu na Meru ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, na wazee wetu waujua mmea huu kama wanavyowajua watoto wao. Mbuni ukizeeka haung'olewi. Mashina ya zamani hukatwa karibu na ardhi, na machipukizi mapya hutoka. Mkulima huchagua mawili au matatu yaliyo imara, na hayo ndiyo huzaa kwa miaka inayofuata.

Lakini tuliona kwamba katika kila mti alikuwa akiacha shina moja la zamani bila kulikata. Lilionekana vibaya, limekonda, limepinda, lina majani machache. Tukamwuliza, "Baba, hili umelisahau?"

Akacheka. "Sikulisahau, mwanangu. Hili ni la kupumulia. Ukikata yote siku moja, mizizi hukosa chakula, na mti huweza kufa. Hili moja hulisha mizizi mpaka haya madogo yapate nguvu. Yakishapata nguvu, nalo nitalikata."

Aliendelea kukata. Alikuwa akizungumza juu ya kahawa tu, hakuwa akihubiri. Sisi ndio tuliosimama pale tukashindwa kusema neno.

Baadaye tuliketi kivulini tukanywa uji. Tukaanza kumwambia jinsi tulivyomlilia mwanawe, jinsi tunavyojiona tumechakaa, jinsi siku zinavyokimbia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Kasisi, wamlilia mwanangu, au wajililia wewe?"

Tulinyamaza kidogo. Tukajibu, "Baba, ni yote mawili."

Akasema, "Vema. Usiyachanganye. Katika rika langu tumebaki watatu, na mmoja wao hanitambui tena. Kama ningejililia kwa kila aliyekwenda, nani angeikata kahawa hii?" Kisha akamwita mjukuu wake, mtoto wa kiume wa rafiki yetu, aliye kidato cha pili, akamwambia, "Njoo ukae hapa. Huyu alilala chumba kimoja na baba yako. Mwulize."

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza, "Baba alikuwa akikoroma tangu chuoni?" Tukacheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka tuliyaacha yatoke. Tukamwambia juu ya kukoroma. Tukamwambia juu ya mahubiri yake ya kwanza, alipowasahau mitume wawili katika hesabu ya kumi na wawili. Tukamwambia ubishi wa mlima. Kijana akatazama upande wa mawingu, akasema, "Lakini ni kweli. Ukiwa hapa huonekana vizuri zaidi."

Wapenzi wasikilizaji, tulikuwa tumeogopa kwamba hakuna tena atakayetukumbuka tulivyokuwa. Kumbe kumbukumbu hizo hazikuzikwa. Zilikuwa nusu kwetu na nusu kwa huyu mtoto, zikingoja tukutane. Tangu siku hiyo twampigia simu kila Jumapili jioni akiwa likizoni, na akiwa shuleni twamwandikia barua. Ushindani wa mlima umerudi.

Hatusemi kwamba Mungu alimchukua rafiki yetu ili sisi tupate mafundisho. La, hasha. Kifo ni adui, na Mtakatifu Paulo amwita hivyo katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya kumi na tano, akisema kwamba ndiye wa mwisho atakayeangamizwa. Hatumpendi adui huyo. Lakini twasema hivi: wewe uliyebaki hukusahauliwa shambani. Umeachwa kwa sababu mizizi bado yahitaji chakula na machipukizi bado ni madogo. Miaka uliyo nayo ambayo rafiki yako hakuipata si mali uliyoiiba kwake, wala si adhabu. Ni kazi.

Basi yatupasa kufanya nini juma hili? Tutataja machache.

Kama unaye rafiki uliyemwahidi kwamba utamwona mwezi ujao, mwone juma hili. Kama huna nauli, piga simu. Usingoje kiti cha mazishi.

Kama rafiki yako amelala, uliza kama Daudi: ni nani aliyebaki wa nyumba yake? Labda ni mjane ambaye watu walimjaa nyumbani siku tisa na sasa hakuna agongaye mlango. Labda ni mtoto anayetaka tu kujua kama baba yake alikoroma.

Kama mwili wako waanza kukuambia habari, usikilize. Sisi tulikwenda kupimwa presha baada ya mazishi, nasi tukakuta iko juu. Sasa twatumia dawa, na chumvi imepunguzwa mezani. Tumenunua miwani ambayo rafiki yetu alikuwa ametuhimiza tununue kwa miaka miwili. Tena kanisa dogo lililo mbali, ambalo tulikuwa tukienda kwa pikipiki kwenye matope, tumemwachia dikoni kijana. Siku ya kwanza alipoondoka tuliumia moyoni. Siku ya pili tulimwombea. Siku ya tatu tulilala vizuri. Ukimpata Abishai wako, mshukuru.

Na ninyi vijana mnaosikiliza, mkimletea mtu kiti na kumwita mzee kwa mara ya kwanza, msishangae akigeuka nyuma. Mpeni kiti, kisha mkae naye. Mwulizeni alikuwa nani. Mizizi yenu inalishwa na shina lile mnaloliona limepinda.

Na tuombe.

Ee Mungu, Baba wa siku zetu zote, twakushukuru kwa marafiki uliotupa na kwa wale waliolala katika wewe. Wafariji wajane, yatima na wazazi wanaowazika watoto wao. Utusamehe ahadi tulizochelewesha. Utufundishe kuzeeka bila uchungu na bila hofu, tukiwalisha walio wadogo mpaka wapate nguvu. Na siku yetu ikifika, utukate kwa mkono wako mwenyewe, utupande upya katika ufufuo wa Mwanao Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote. Na mlio upande wa Embu asubuhi hii, tokeni nje mtazame. Leo umeonekana.